Usonji Unapogunduliwa Ukubwani

Tukisikia usonji, wengi wetu tunamfikiria mtoto asiyesema. Lakini wapo watu wazima wenye hali hiyo, tunasali nao kila Jumapili, na wenyewe hawajui. Zamani mtoto aliyesema vizuri na kufaulu masomo hakuna aliyemshuku.

Susan Boyle, mwimbaji Mkatoliki wa Uskoti aliyemwimbia Papa Benedikto XVI mjini Glasgow mwaka 2010, aliambiwa tangu utotoni kuwa ubongo wake uliumia alipozaliwa. Mwaka 2013, akiwa na miaka 52, alieleza hadharani kuwa amegundulika ana Asperger, aina ya usonji. Alisema amefarijika.

Faraja hiyo tusiidharau. Usonji mtu huzaliwa nao. Si pepo wala laana. Wengi wao huchoshwa mno na kelele, hufadhaika ratiba ikibadilika ghafla, na kumtazama mtu machoni kwao ni kazi. Basi huitwa wenye maringo, nao husadiki. Huenda mmoja ameungama miaka mingi kwamba hana upendo! Sisi tunaojiandaa kuketi katika kiti cha maungamo tusikimbilie kumwambia ni kiburi. Kuthibitisha ni kazi ya wataalamu. Yetu ni kumsikiliza, na kanisani kumwachia nafasi mbali na spika.