Mandera na Nairobi Zina Sheria Moja

Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba kiwango cha uzazi Nairobi ni watoto 2.5 kwa kila mwanamke. Mandera, kule mpakani na Somalia na Ethiopia, ni 7.7. Katiba ni ileile, Kanuni ya Adhabu ni ileile. Anayedai kwamba sheria ya utoaji mimba ndiyo inayopanga ukubwa wa familia aanze kwa kutueleza pengo hili.

Pengo lenyewe halina fumbo. Embu, wanawake walioolewa 75 katika kila 100 wanatumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango. Mandera ni 2. Nyuma ya tarakimu hizo kuna miaka ya shule, umri wa kuolewa, umbali wa zahanati na wanachosema wazee wa dini.

Lakini tusikimbilie kusema kila kitu ni njia za uzazi wa mpango. Rwanda, kwa takwimu za 2019-20, ina watumiaji wa njia za kisasa asilimia 58 ya wanawake walioolewa, Kenya asilimia 57. Wamelingana. Hata hivyo uzazi wa Rwanda ulikuwa 4.1 na wa Kenya 3.4. Asilimia hiyo huhesabu anayetumia siku ya kuulizwa, wala haiulizi alianza lini: mama aliyewekewa kijiti baada ya mtoto wa nne anahesabiwa sawa na aliyewekewa baada ya wa kwanza. Tanzania nayo ilishuka kutoka watoto 5.2 mwaka 2015-16 hadi 4.8 mwaka 2022, ilhali matumizi ya njia za kisasa yalibaki palepale, kwenye asilimia thelathini na kitu.

Kijiti hicho nacho kina mambo yake. Huwekwa chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, na hufanya kazi miaka mitatu hadi mitano kutegemea aina. Kukitoa kunahitaji mtaalamu, na mtaalamu huyo asipokuwapo siku mama anapomhitaji, habari hufika kijijini kabla mama mwenyewe hajarudi. Sindano ya miezi mitatu haiachi alama, na ndiyo maana anayemficha mumewe huipenda. Ila akikuta imeisha zahanati, ulinzi umekwisha. Hayo hayamo katika kifungu chochote cha sheria ya jinai.

Je, sheria haina nguvu kabisa? Ilikuwa nayo Romania, kwa muda. Oktoba 1966 kiongozi wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba kwa wanawake wengi, katika nchi ambayo njia za kuzuia mimba zilikuwa adimu na kutoa mimba ndiko kulikotegemewa. Vizazi viliruka kutoka takriban 274,000 mwaka huo hadi takriban 528,000 mwaka 1967. Kisha wanawake wakatafuta njia za kificho, na kufikia 1983 kiwango cha vizazi kilikuwa kimerudi kilipoanzia. Kilichobaki ni makaburi: kufikia 1989 Romania iliongoza Ulaya kwa vifo vya wajawazito. Marufuku ilifutwa Desemba 1989, na mwaka uliofuata vifo hivyo vikashuka kwa karibu nusu.

Korea Kusini ni kinyume chake. Kutoa mimba kulikuwa kosa la jinai tangu 1953, na adhabu hiyo ilikoma rasmi mwanzoni mwa 2021. Katika miaka hiyohiyo serikali ilihimiza familia ndogo na kwa kiasi kikubwa ikafumbia macho sheria yake yenyewe. Uzazi ulitoka watoto sita mwaka 1960 ukashuka chini ya wawili miaka ya themanini; mwaka 2023 ulikuwa 0.72.

Huku kwetu, vifungu vya utoaji mimba vya Kenya na Tanzania vinafuata maneno ya sheria ya Uingereza ya 1861. Uingereza yenyewe ilijilegezea mwaka 1967. Sisi tukabaki na urithi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliongeza ruhusa pale uhai au afya ya mama iko hatarini, lakini adhabu za zamani hazikufutwa, na daktari anayesoma maandiko yote mawili ana sababu ya kusitasita.

Watu wataendelea kutofautiana kuhusu uhalali wa jambo hili, na ni haki yao. Ila hoja ya imani isivikwe joho la takwimu. Makadirio yaliyotolewa Kenya mwaka 2013 yalisema mimba takriban 465,000 zilitolewa nchini mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Tanzania ilikadiriwa mimba 405,000 kwa mwaka 2013. Sheria kali ilikuwapo kote kuwili. Mbunge akija kwako na sheria kali zaidi, muulize kwanza kama zahanati ya jimboni kwake ina sindano wiki hii.