Maganda ya Machungwa na Plastiki Isiyolegea kwa Joto

Kila mtu aliyepata kumenya chungwa karibu na mshumaa uliowashwa huenda ameliona jambo hili: ukilibinya ganda mbele ya mwali wa moto, huruka matone madogo sana, nayo hushika moto na kumetameta mara moja. Watoto hufanya hivyo kwa mchezo tu, lakini ndani yake mna somo kubwa. Matone hayo ni mafuta, na wataalamu wa elimu ya kemia wameonyesha kwamba yaweza kugeuzwa kuwa plastiki iliyo angavu kama kioo, isiyolegea hata ikitiwa maji yanayochemka.

Ili tufahamu thamani ya jambo hili, yafaa kwanza tuitazame chupa ya soda. Wasomaji wengi wamejionea kwamba mtu akitia chai ya moto katika chupa ya namna hiyo, chupa hujikunja na kupotewa na umbo lake. Sababu ni kwamba plastiki yake huanza kulegea ipatapo joto la nyuzi 75 hivi za Sentigredi, na maji huchemka kwa nyuzi 100 huko pwani, na pungufu kidogo katika nchi za juu.

Iko plastiki nyingine iliyo imara zaidi, iitwayo polikabonati. Ilivumbuliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell huko Ujerumani, na katika mwaka huo huo na Daniel Fox huko Marekani, kila mmoja peke yake. Hiyo hailegei mpaka joto likaribie nyuzi 150. Hutumiwa kufanyiza vioo vya taa za motokaa na ile mitungi mikubwa ya maji iwekwayo maofisini. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, asili yake ni mafuta yachimbwayo ardhini, ambayo yakiisha hayaoti tena. Pili, hutengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo hushukiwa kwamba ikiingia mwilini huweza kuvuruga homoni, yaani zile chembe zinazoongoza ukuaji na uzazi. Kwa ajili hiyo nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011, na mwezi wa Desemba 2024 zikapitisha amri ya kuiondoa hatua kwa hatua katika vyombo vya chakula.

Sasa na turudi kwenye chungwa. Kiwandani, likiisha kukamuliwa, karibu nusu ya uzito wake hubaki kuwa taka: maganda, nyama kavu na mbegu. Mafuta yaliyomo katika ganda hilo, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100, ni kitu kimoja kiitwacho limonini, na ndicho kinachonukia mkononi baada ya kumenya. Tangu zamani limonini hutiwa katika sabuni na dawa za kuondolea grisi.

Je, mafuta hugeukaje kuwa kitu kigumu? Fikiri juu ya shanga zilizotungwa katika uzi. Plastiki yo yote ni nyuzi ndefu sana za shanga ndogo zisizoonekana kwa macho. Wataalamu huichukua limonini, huiongeza oksijeni, kisha huiunganisha na kaboni dayoksaidi, yaani ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Kwa msaada wa kichocheo chenye madini ya zinki, shanga ya limonini hufuatwa na shanga ya hewa, kisha limonini tena, hivyo hivyo kwa mamia. Geoffrey Coates na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitangaza kazi hiyo mwaka 2004.

Kila shanga ya limonini ina umbo la pete nene lisilopindika kwa urahisi. Kwa hiyo nyuzi zake haziwezi kuteleza upesi zipatapo joto, na plastiki hubaki ngumu. Tena nyuzi hizo hukaa ovyo ovyo bila kujipanga mafungu mafungu. Mafungu ya namna hiyo ndiyo yanayotawanya mwanga na kuufanya mtungi mweupe wa plastiki uonekane kama maziwa. Yasipokuwapo, mwanga hupita sawasawa. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, walieleza kwamba plastiki yao ya limonini ilistahimili hadi nyuzi 130, na ikapitisha sehemu 94 katika kila 100 za mwanga.

Hata hivyo msomaji asidhani kwamba kesho ataiona dukani. Plastiki hiyo hupasuka upesi kuliko polikabonati ya kawaida, na ikipashwa joto kupita kiasi wakati wa kuitia katika kalibu, huharibika. Zaidi ya hayo, limonini inayopatikana duniani kwa mwaka ni makumi ya maelfu ya tani tu, hali polikabonati inayotumika ni mamilioni ya tani. Machungwa yote ya dunia hayatoshi kuchukua mahali pa mafuta ya ardhini. Lakini yaweza kutosha kwa vyombo vichache vinavyohitaji usalama zaidi.

Kwa sasa, mambo mawili yatufaa nyumbani. Usitie chai wala uji wa moto katika chupa ya soda. Na maganda ya machungwa usiyajaze peke yake katika shimo la mbolea, kwa kuwa limonini huzuia vijidudu vinavyoozesha taka. Yakate vipande vidogo, uyachanganye na samadi na majani. Kitu ambacho wataalamu wanakitafutia kazi katika maabara, mkulima naye asikitupe bure.