Dayodi Mbili na Swichi Moja

Ndani ya ProCo RAT, pedali ya gitaa iliyozaliwa Kalamazoo, Michigan, mwishoni mwa miaka ya 1970, kuna vipande viwili vya kioo chenye rangi ya chungwa, kila kimoja kina urefu wa milimita nne hivi. Ni dayodi za silikoni, aina ya 1N914, na bei yake haifiki hata ya soda. Zing'oe, weka mahali pake taa mbili nyekundu za LED, nawe umeshaikaribia Turbo RAT, pedali ambayo kampuni hiyohiyo imeiuza kwa jina lake na kwa bei yake. Weka za jemaniamu na umesogea kwenye You Dirty RAT. Saketi iliyobaki, kwa sehemu kubwa, ni ileile.

Mwenye chuma cha kulehemu akishalijua hilo, swali linalofuata ni moja: kwa nini ninunue pedali tatu wakati naweza kutoboa tundu moja na kuweka swichi? Jibu ni kwamba hakuna sababu. Ila kabla ya kutoboa, inafaa kujua swichi hiyo inabadilisha nini hasa, kwa sababu maneno ya vijiweni kuhusu dayodi ni mengi na nusu yake hayana msingi.

Gitaa la umeme likipigwa kawaida hutoa wimbi dogo la umeme, kama sehemu ya kumi ya volti. Pedali hulikuza mara mamia, kisha hulikutanisha na dayodi mbili zilizofungwa kati ya njia ya sauti na athi, moja ikitazama huku na nyingine kule. Dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, tena haipitishi cha maana mpaka volti zifike kwenye kizingiti chake. Wimbi likifika hapo, ziada yote humwagika kwenye athi na kilele kinakatwa. Dayodi moja hukata vilele vya juu, ya pili hukata vya chini. Kinachotoka kimekuwa bapa juu na chini, na ubapa huo ndio sikio linaousikia kama mkwaruzo.

Vizingiti vinatofautiana kwa mali iliyotumika. Jemaniamu huanza kupitisha kwenye volti 0.3 hivi, silikoni 0.6, LED nyekundu 1.7, na LED za buluu au nyeupe hukaribia 3. Kwa hiyo tofauti ya kwanza kati ya dayodi na dayodi ni mahali dari ilipowekwa. Ya pili ni jinsi inavyofunguka: jemaniamu hujipinda polepole, silikoni hukata kwa haraka zaidi.

Hapo kwenye dari ndipo wengi wanapodanganyika. Ukitoka silikoni kwenda LED katika pedali ya namna ya RAT, wimbi lililokuwa likikatwa kwenye volti 0.6 sasa linakatwa kwenye 1.7. Ongezeko hilo ni la desibeli 9 hivi, na kutoka jemaniamu kwenda LED ni kama 15. Sikio la binadamu likiletewa sauti mbili, moja kubwa kidogo kuliko nyingine, huichagua kubwa na kuiita nzuri zaidi, iliyo wazi zaidi, yenye uhai. Basi mtu anabonyeza swichi mara mbili tatu, anatangaza kwamba LED ndiyo dayodi bora duniani, kumbe amependa volyumu. Anayetaka kulinganisha kwa haki ashushe volyumu ya pedali kila anapohamia LED, mpaka sauti ziwe sawa, ndipo asikilize. Tofauti itakayobaki ni ya kweli, lakini ni ndogo kuliko alivyoahidiwa: silikoni hubana sauti zaidi na huficha nguvu ya kidole, LED huacha pigo la kwanza la nyuzi litoke kabla ya kukatwa. Kwa mpiga solo wa dansi au rumba, anayetaka gitaa safi linalochafuka kidogo tu akikaza mkono, LED na ukuzaji wa chini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa swichi yenyewe. Ya kawaida kwa kazi hii ni ile ndogo ya kijiti yenye miguu mitatu na mikao mitatu, ambayo mkao wa kati haujaunganishwa na chochote. Mguu wa kati unakwenda kwenye njia ya sauti, pale dayodi za zamani zilipokuwa zimeshika. Mguu wa pembeni mmoja unabeba jozi ya silikoni, mwingine jozi ya LED, na ncha za mwisho za jozi zote mbili zinakutana kwenye athi. Kijiti kikiwa katikati hakuna dayodi hata moja kazini. Kinachokata ni opampu yenyewe, yaani chipu inayokuza wimbi, inapogonga mipaka ya betri ya volti 9, na sauti inaruka juu sana. Ushauri wangu ni kuujaribu mkao huo ukiwa umeshusha volyumu kwanza.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wengi. Kijiti cha swichi hizi kikielekea juu, kwa kawaida miguu inayogusana ni wa kati na wa chini. Usiamini macho, chukua mita, iweke kwenye mlio, na uguse miguu kabla ya kulehemu. Mita hiyohiyo ikiwekwa kwenye alama ya dayodi itakusaidia na jambo jingine. Silikoni nzima husoma 0.6 na kidogo, jemaniamu husoma karibu 0.3 au chini yake. Ukiuziwa kitu kwa jina la jemaniamu na mita ikasema 0.65, umeuziwa silikoni, hata muuzaji aape vipi.

Na jemaniamu huuzwa kwa hadithi nyingi. Sehemu ya umaarufu wake inatokana na Klon Centaur, pedali ya Bill Finnegan iliyotoka Marekani mwaka 1994, ambayo ndani yake mna jozi ya jemaniamu. Tangu hapo bei za dayodi hizo zimepata mbawa. Mimi siwezi kulipa pesa hizo wakati redio kuukuu za AM, zile za Philips na National zilizojaa majumbani mwetu zamani, mara nyingi zina dayodi moja ya jemaniamu karibu na volyumu, iliyokuwa ikitenganisha sauti na mawimbi ya kituo. Redio iliyokufa kwa sababu nyingine inaweza kukupa dayodi nzima. Itoe taratibu: jemaniamu haivumilii joto kama silikoni. Bana mguu wake kwa koleo ndogo kati ya kioo na mahali unapolehemu ili joto liishie kwenye koleo, na usikae hapo zaidi ya sekunde mbili tatu.

Mpangilio wa jozi nao una namna yake ya kukosewa. Kila dayodi ina mstari upande mmoja. Katika jozi, mstari wa dayodi moja utazame kulia na wa nyingine kushoto, zikiwa zimelala sambamba. Ikiwa mistari yote inatazama upande mmoja, utakata vilele vya juu tu au vya chini tu, na sauti itatoka kubwa yenye mkwaruzo wa upande mmoja. Ikiwa umezifuatanisha kwenye mstari mmoja zikipeana mgongo, hazitapitisha kitu, na utadhani swichi ni mbovu.

Kuna njia rahisi zaidi ambayo mafundi wengi hawaifikirii. Dayodi zikiwekwa sambamba, yenye kizingiti cha chini ndiyo inayoamua. Ya juu haipati nafasi ya kufunguka. Kwa hiyo LED zinaweza kubaki kwenye saketi siku zote, na swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima ikawa inaingiza silikoni tu. Ukiwasha, silikoni inatawala. Ukizima, LED zinashika kazi. Miguu miwili, nyaya mbili, na hakuna mkao wa kati wa kukushtua jukwaani.

Hayo yote ni kwa pedali ambazo dayodi zake zinamwaga kwenye athi: RAT, Boss DS-1, na ndugu wawili MXR Distortion+ na DOD 250, ambao saketi zao zinafanana mno, isipokuwa wa kwanza alipewa jemaniamu na wa pili silikoni. Ukoo wa pili ni wa Ibanez Tube Screamer. Humo dayodi hazigusi athi. Zimekaa kwenye njia ya mrejesho ya opampu, sambamba na risista ya kilo-omu 51 inayofuatana na kitufe cha ukuzaji cha kilo-omu 500. Zikifunguka, kinachotokea ni kwamba opampu inaacha kukuza. Lakini opampu iliyofungwa namna hii haiwezi kukuza chini ya mara moja, kwa hiyo wimbi la asili la gitaa linapita hata kilele kikiwa kimebanwa. Ndiyo maana Tube Screamer husikika laini, na gitaa lenyewe bado unalisikia ndani ya mkwaruzo.

Swichi hufungwa humo vilevile, isipokuwa ncha za mwisho za jozi zinarudi upande wa pili wa mrejesho badala ya kwenda athi. Kilichokatazwa ni swichi kuigusa risista ya mrejesho. Dayodi zikitoka, risista inabaki na opampu inaendelea kukuza kati ya mara 12 na mara 118, kulingana na kitufe. Risista nayo ikitoka, opampu haina breki yoyote, na kitakachotoka ni kelele tupu.

Katika ukoo huu ndimo kuna badiliko ninalolipenda kuliko yote, tena halihitaji hata dayodi za ajabu. Boss walitoa OD-1 mwaka 1977 na SD-1 mwaka 1981 wakiwa wameweka dayodi mbili zilizofuatana upande mmoja na moja tu upande wa pili. Vilele vya juu na vya chini vinakatwa kwa urefu tofauti. Wimbi lililokatwa sawa juu na chini huzalisha sauti za witiri tu: uzi wa A wazi, wenye hezi 110, unaongezewa 330, 550 na kuendelea. Likikatwa kwa kutolingana, zinaingia pia 220 na 440, ambazo ni nota ileile oktavu moja na mbili juu, na mkwaruzo unajaa zaidi. Kulipata hilo kwa swichi ni kazi ya dakika chache: weka dayodi tatu kama Boss walivyofanya, kisha lehemu swichi ya kuwasha na kuzima kwenye miguu ya dayodi moja kati ya zile mbili zinazofuatana. Ukiwasha, umeme unairuka dayodi hiyo na jozi inakuwa sawa kwa sawa. Ukizima, inarudi kazini.

Kwenye ujenzi sina mengi. Swichi ya kawaida huhitaji tundu la milimita 6.5, na kabla ya kutoboa pima ndani ya kisanduku uone kama miguu yake haitagonga jeki au betri. Dayodi zilehemu palepale kwenye miguu ya swichi ili zibaki nyaya mbili tu za kwenda kwenye saketi, fupi iwezekanavyo, kwa sababu waya mrefu karibu na opampu inayokuza mara mamia hukusanya mngurumo wa umeme wa nyumba.

Kama desibeli 9 za LED zinakukera jukwaani, tafuta swichi ya miguu sita, yenye mistari miwili inayogeuka pamoja. Mstari wa kwanza ubadilishe dayodi. Wa pili uushike waya unaoingia kwenye volyumu ya mwisho, ambayo kwenye RAT ni ya kilo-omu 100: kwenye mkao wa silikoni upite moja kwa moja, kwenye mkao wa LED upite kwanza kwenye risista ya kilo-omu 180. Risista hiyo pamoja na volyumu hugawa sauti na kuacha kama asilimia 36, ambayo ni karibu sawasawa na kile LED ilichoongeza, popote utakapokuwa umeweka kitufe. Gharama yake ni wembamba kidogo wa sauti za juu ukitumia kebo ndefu. Weka pedali nyingine yenye bafa (saketi inayoisukuma sauti kwenye kebo bila kuidhoofisha) baada yake, au fupisha kebo.