Msitu wa Lomami na Soko la Nyama la Kindu

Bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai pamoja na namna zinavyotegemeana, ni utajiri mkubwa wa misitu ya bonde la mto Lomami, magharibi mwa mji wa Kindu, ambako huishi okapi, tembo wa msituni na bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe na ambaye hapatikani porini popote duniani nje ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lesula, tumbili mwenye uso mrefu na macho makubwa yanayofanana na ya binadamu, alikuwa akifahamika kwa wawindaji wa huko tangu zamani, lakini watafiti walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2007, mjini Opala, na sayansi ikamtambua rasmi mwaka 2012.

Miti ya eneo hili kwa sehemu kubwa ingali imesimama, na hapo ndipo hatari inapojificha, kwa kuwa msitu unaweza kubaki kijani huku wanyama wake wakimalizwa kwa bunduki na kwa mitego ya waya, ambayo humnasa jike mwenye mimba sawa na dume. Nyama hukaushwa kwa moshi ili isioze, ikafungwa juu ya baiskeli na kusukumwa kwa siku kadhaa kwenye vijia vya msituni hadi masoko ya Kindu. Biashara hii haina budi kutofautishwa na kitoweo cha mwanakijiji, kwani mahitaji ya mji hayana kikomo, ilhali bonobo jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka minne au mitano. Tena bonobo na tembo husambaza mbegu za miti mingi, hivyo kutoweka kwao hudhoofisha msitu wenyewe.

Hifadhi ya Taifa ya Lomami, yenye kilomita za mraba 8,879 katika majimbo ya Maniema na Tshopo, ilianzishwa mwaka 2016 ili kukomesha uharibifu huo, lakini askari wa hifadhi, hata wangekuwa hodari namna gani, hawawezi kulinda kila kijia iwapo mjini mnunuzi anasubiri. Mnunuzi huyo hakosi kitoweo kingine: samaki wa mto Lualaba, kuku na mbuzi wapo. Nyama ya bonobo, okapi na tembo imekatazwa na sheria mwaka mzima, na kila mnunuzi wa Kindu anapaswa kuikataa.