Mikate Midogo ya Pilipili: Unga wa Siagi Hautaki Haraka

Mama mmoja alirudi kutoka sokoni asubuhi. Katika kikapu chake mlikuwa na unga wa ngano, mayai mawili, siagi, sukari, maziwa na pilipili nyekundu. Vitu hivyo vilikuwa vimekula fedha nyingi, lakini alikuwa amewaahidi watoto wake mikate laini yenye ukali wa pilipili, nao walingoja kwa furaha. Akachanganya vyote mara moja, akakanda, akafunika kwa kitambaa. Saa nzima ikapita. Alipofunua, donge lilikuwa vilevile alivyoliacha. Akasema: «Chachu hii imekufa, mwenye duka amenidanganya!» Kwa hasira akakata vipande, akavitia motoni. Jioni watoto wakatafuna mikate migumu kama mawe. Tena, pilipili ilikuwa imekusanyika mahali pamoja: mtoto mmoja hakusikia kitu, mwingine akatokwa na machozi.

Je, kosa lilikuwa la mwenye duka? Sivyo. Chachu ilikuwa hai. Lakini mama yule aliitumia kama kwa mkate wa kila siku, ambao ni unga, maji, chumvi na chachu tu. Unga uliotiwa siagi, mayai na sukari una desturi yake. Wasomaji wapendwa, tutazame sababu, maana ajuaye sababu hapotezi mali yake.

Chachu ni kitu hai

Tangu mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Viumbe hivyo hula sukari iliyomo katika unga, hutoa hewa, na hewa hiyo hunaswa ndani ya donge na kuliinua. Sukari kidogo yaifaa chachu. Ikizidi, huyashika maji yaliyomo katika donge, na chachu hubaki kama mtu mwenye kiu: hufanya kazi polepole. Siagi nayo hupaka mafuta zile nyuzi za unga zinazonasa hewa, hata zisishikamane upesi.

Ndiyo sababu donge la namna hii lahitaji saa moja na nusu, pengine mbili. Na palipo na baridi, kama Bukavu iliyo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, au Lubumbashi katika asubuhi za Juni na Julai, yafaa kungoja zaidi. Basi, usitazame saa tu. Litazame donge lenyewe. Likiisha kuwa mara mbili ya ukubwa wake wa kwanza, liko tayari.

Pilipili yataka mafuta

Leo ni nyumba chache za Kongo zisizo na pilipili, lakini asili ya mmea huu ni Amerika. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 ulivuka bahari, na Wareno wakaueneza katika pwani za Afrika.

Ukali wake watokana na kitu kiitwacho kapsaisini, nacho hukaa hasa katika nyama nyeupe inayoshika mbegu. Kapsaisini haiyeyuki vema katika maji, bali katika mafuta. Ndiyo maana mtu aliyewashwa mdomoni hapati nafuu kwa maji, lakini maziwa humsaidia. Mwaka 1997, huko Marekani, mtaalamu David Julius na wenzake walionyesha kwamba kapsaisini huamsha mlango uleule wa mishipa ya fahamu unaotupasha habari za moto. Ulimi hudhani umeunguzwa, kumbe haukuunguzwa. Kwa uchunguzi huo Julius alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian.

Mama wa nyumbani apate faida gani katika elimu hii? Hii: pilipili isitupwe ovyo katika unga. Itiwe kwanza katika siagi, na siagi itaupeleka ukali wake kila mahali kwa kadiri moja.

Namna ya kufanya

Kwa mikate 12 twaa unga wa ngano gramu 500, maziwa mililita 200, mayai 2, siagi gramu 75, sukari gramu 50, chumvi gramu 8, chachu kavu gramu 7, na pilipili 2 au 3. Anayeogopa ukali aondoe ile nyama nyeupe.

Katakata pilipili ndogondogo sana. Zipashe pamoja na siagi juu ya moto mdogo kwa dakika tatu, kisha uiache siagi ipoe hata ianze kuganda. Nawa mikono kwa sabuni, wala usiguse macho.

Pasha maziwa kidogo. Tone likiangukia kifundo cha mkono lisiunguze, kwa maana joto kali huua chachu. Changanya maziwa, chachu, sukari, mayai, unga na chumvi, ukande dakika kumi. Hapo ndipo utie siagi, kidogo kidogo, na kukanda dakika kumi tena. Donge litanata mikononi. Usiongeze unga, maana unga mwingi ndio uletao ugumu. Endelea kukanda, nalo litakuwa laini. Kwa ajili ya watoto wadogo, gawanya donge kabla ya kutia siagi, na sehemu yao itiwe siagi isiyo na pilipili.

Funika, ungoje. Likiisha kuumuka, gawanya sehemu 12, zifinyange mviringo, uzipange katika chombo kilichopakwa mafuta, uziache zivimbe tena karibu saa moja.

Mwenye tanuru aoke kwa digrii 180, dakika 20 hivi. Asiye na tanuru asikate tamaa. Atwae sufuria kubwa nzito, atie mchanga mkavu chini, aiweke juu ya mbabula mpaka ipate joto. Kisha aweke chombo cha mikate ndani, afunike, na kupanga makala juu ya kifuniko, mengi kuliko ya chini. Dakika 25 au 30 zatosha. Moto usiwe mkali, kwa kuwa sukari, maziwa na mayai huunguza ganda upesi, na ndani kungali kubichi. Chomeka kijiti: kikitoka kikavu, mikate imeiva.

Juma lililofuata mama yule alinunua chachu ileile, katika duka lilelile. Safari hii aliifunika, akaenda kupalilia mboga zake. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimeinuliwa na donge. Jioni alipofungua sufuria, harufu ya siagi na pilipili ikajaa uani, na watoto wakaja mbio kabla hajawaita.