Samaki na Vyura katika Bwawa la Bustani

Bwawa dogo kando ya bustani ya mboga ni jambo jema. Hutoa kitoweo, na maji yake yenye rutuba yafaa sana kumwagilia mchicha na kabichi. Lakini wakulima wengine hutaka samaki na vyura wakae pamoja humo, na hapo ndipo taabu huanza.

Ijulikane kwamba jina viluwiluwi hutumika kwa viumbe viwili: watoto wa mbu na watoto wa chura. Samaki hawachagui, perege hula wote. Kwa hiyo bwawa lenye samaki wengi halitoi vyura wengi. Naye chura wa makucha, yule mtelezi akaaye majini daima, hula vifaranga vya samaki. Mtoe kwa wavu kabla ya kutia samaki.

Je, uchimbe kidimbwi kingine cha vyura? Karibu na nyumba, la. Maji yaliyotuama yasiyo na samaki huweza kutoa mbu kabla ya majuma mawili kupita, na malaria itakugharimu kuliko faida ya chura. Vyura watazaa wenyewe majarubani na mitaroni wakati wa mvua. Kazi yako ni kuwapa kivuli cha mchana: matandazo, au rundo la mawe penye unyevu. Usiku watatoka kula wadudu. Wako wanaowaua wakidhani hula miche. Chura mzima hali majani hata kidogo.

Bwawa la perege liwe na kina cha nusu mita upande mmoja na mita moja upande wa pili. Tia vifaranga 2 kwa kila mita ya mraba. Bwawa la mita 10 kwa 10 lahitaji 200. Perege huzaa upesi mno, jike akiatamia mayai kinywani, na baada ya miezi michache bwawa hujaa samaki wadogo wasiokua. Dawa yake ni kambare wachache, lakini watiwe wakiwa wadogo kuliko perege, la sivyo watawamaliza. Ng'oa nyasi za ukingoni, maana viluwiluwi vya mbu hujificha humo. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji alfajiri, samadi imezidi: acha kutia, ingiza maji mapya.

Usioshe bomba la dawa ya wadudu bwawani. Dawa kidogo tu huua samaki na vyura pia.

Wala usiwaache samaki wako waingie mtoni. Katika Ziwa Viktoria ngege wa asili walikuwa tegemeo la wavuvi. Uvuvi uliozidi uliwapunguza, na sato na sangara waliotiwa humo katika miaka ya 1950 wakawabana hata wakawa adimu. Funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji, uukague kila baada ya mvua kubwa.