Ajali Ina Kinga

Siku moja mwaka jana tulikuwa kwenye gati la Kilwa Masoko pamoja na vijana ishirini na wawili, tukienda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani. Safari yenyewe ni fupi. Mtu aliyesimama gatini hukiona kisiwa ng'ambo ya maji, na boti ya mashine huvuka kwa dakika chache tu. Bahari ilikuwa shwari, wala hapakuwa na mtu aliyewaza habari ya hatari.

Binti mmoja wa miaka kumi na miwili alikuwa ameweka mguu mmoja ndani ya boti, na mguu wa pili ungali juu ya ngazi ya gati. Wakati ule ule mtu mmoja akapaza sauti, "Twende!" Baharia akaisukuma boti. Nafasi kati ya boti na ngazi ikapanuka, binti akaanguka katikati. Kisha wimbi dogo likairudisha boti, ikambana mguu ukutani. Kijana mmoja alimdaka mkono akamvuta juu. Twashukuru mfupa haukuvunjika, lakini alichechemea muda wa wiki tatu.

Jioni nilikwenda kwa bibi yake kumpa pole.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Karibu kitako."

Nikamweleza yote yaliyotokea, nikamalizia kwa maneno tuliyoyazoea: "Basi ndiyo hivyo, Bibi. Ajali haina kinga." Mama yule mzee alinitazama, akaniuliza swali moja tu: "Nani aliyesema twende?"

Sikuweza kumjibu. Kesho yake nikaulizauliza. Nahodha alidhani ni baharia. Baharia alidhani ni mimi. Mimi nilidhani ni nahodha. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulisema neno lile, na kwa hiyo kila mtu aliweza kulisema.

HATARI HUKAA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba hatari ya safari iko katikati ya njia, penye kina kirefu na mawimbi makubwa. Lakini tukitazama misiba iliyotupata Afrika ya Mashariki twaona jambo jingine.

Tarehe 29 Aprili 1994 pantoni la Mtongwe lilipinduka Mombasa, wakafa watu 272. Lilikuwa limetengenezwa kuchukua watu 300, nalo siku ile lilichukua kiasi cha 400. Halikupinduka mbali, lilikuwa limeondoka gatini mita arobaini hivi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, kikitoka Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, nao waliokufa peke yao walizidi 220. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika, wakati abiria wameanza kusogea upande mmoja tayari kushuka. 

Na tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni, motokaa moja ilirudi nyuma kutoka juu ya pantoni ikatumbukia baharini pamoja na mama na binti yake mdogo. Waliotafuta walihangaika karibu wiki mbili kabla ya kuwapata.

Waona, ndugu msomaji, misiba miwili ilitokea gati likiwa machoni pa watu, na wa tatu ulitokea mlangoni pa pantoni, pale watu na magari wanapoingilia. Kupanda na kushuka ndiyo saa ya kusukumana, ya kubeba mizigo, ya kuitana, ya kutaka kuwa wa kwanza. Ni saa ambayo chombo hakijatulia na watu hawajakaa.

STESHENI YA AJABU

Mpwa wangu mmoja hufanya kazi huko Abu Dhabi. Alipokuja likizo, nilimweleza habari ya binti yetu. Akacheka kidogo, akasema, "Mjomba, ngoja nikueleze habari ya rolakosta."

Rolakosta ni gari la mchezo lipandalo na kushuka juu ya reli zilizojengwa kama vilima. Mchezo huu si mpya. Watu wa Urusi walikuwa wakiteleza juu ya vilima vya barafu zamani, na mwaka 1884 Mmarekani mmoja, LaMarcus Thompson, alifungua gari la namna hii huko Coney Island, karibu na New York. Lilikwenda maili sita tu kwa saa, na nauli yake ilikuwa senti tano. Lakini lile alilolipanda mpwa wangu, Formula Rossa, lililofunguliwa mwaka 2010, hufika kilometa 240 kwa saa, hata abiria huvaa miwani ya kukinga macho.

"Lakini, Mjomba," alisema, "mimi sikustaajabia mwendo. Nilistaajabia stesheni."

Akanieleza namna mambo yanavyofanyika. Mara nyingi kabla hujafika jukwaani hupimwa urefu kwenye kipimo kilichosimamishwa njiani. Sababu si ubaguzi wa watoto; ni kwamba chuma cha kumshikilia mtu kimefanywa kwa mwili wa kiasi fulani, na mtoto mdogo aweza kuchomoka. Ukifika jukwaani wakuta vilango vidogo, kimoja kwa kila safu ya viti. Vilango hivyo havifunguliwi mpaka gari limesimama kabisa na walioshuka wamekwisha kutoka upande wa pili. Anayepanda na anayeshuka hawapigani vikumbo, kwa sababu kila mmoja ana mlango wake.

Ukikaa, chuma hushuka juu ya mapaja au mabega na kujifunga. Mfanyakazi hupita kiti kwa kiti, akikivuta kwa mkono wake mwenyewe. Katika magari mengi ya siku hizi kuna vifaa vya umeme ambavyo huangalia kama kufuli limeshika, na kama kiti kimoja hakikushika, gari lote halitoki.

Kisha kuna jambo lililonigusa zaidi. Katika stesheni nyingi gari haliwezi kuondoka kwa kidole cha mtu mmoja. Mmoja hukaa penye mitambo, mwingine husimama jukwaani karibu na abiria, na kila mmoja ana kitufe chake. Hapana budi wote wawili wabonyeze pamoja. Yule wa jukwaani akiona mkono wa mtoto umetoka nje, huondoa kidole chake tu, na gari hubaki pale pale.

Tena njia yote imegawanywa vipande, kama ilivyo katika reli za gari moshi. Gari moja haliruhusiwi kuingia kipande ambacho gari jingine halijakitoka. Na breki nyingi zimefanywa kwa namna ya kwamba nguvu ya mashine ndiyo huzifungua. Nguvu hiyo ikikatika, breki hujifunga zenyewe. Maana yake ni kwamba kosa likitokea, gari husimama. Kusimama ndiyo hali ya kawaida. Kuondoka ndiko kunakohitaji ruhusa.

MASHINE ILISEMA "SIMAMA"

Hata hivyo tusidhani kwamba mashine peke yake yatosha. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya michezo ya Alton Towers huko Uingereza, rolakosta iitwayo The Smiler ilipata ajali. Gari tupu la majaribio lilikwama njiani. Mitambo ilifanya kazi yake vema: ikalizuia gari lililofuata, lenye watu 16. Lakini mafundi hawakujua kwamba kuna gari lililokwama mbele. Wakadhani mitambo ndiyo iliyokosea, wakaishinda, wakaliachia gari. Magari yakagongana. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja mmoja, na wengine waliumia vibaya. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni tano.

Tuyafikiri sana mambo haya. Kifaa kilisema simama, na kilisema kweli. Watu walikuwa na haraka, abiria wanangoja, wakaona kizuizi ni usumbufu. Je, sisi hatufanyi hivyo? Nahodha anaposema boti imejaa, ni nani asiyemwambia, "Mzee, sisi wawili tu, tubanane"? Yule nahodha ndiye breki yetu, nasi ndio tunaomshinda.

TULIYOYAFANYA SISI

Gati zetu hazina vitufe wala vilango vya umeme, wala si lazima viwe. Tuliketi pamoja na nahodha, baharia na wazazi kadha, tukapatana mambo matano, ambayo hayakutugharimu hata shilingi moja.

Kwanza, boya la kuokolea huvaliwa gatini, kabla ya kukanyaga boti. Boya lililo chini ya benchi halimsaidii aliyeanguka kati ya ngazi na boti.

Pili, wanaoshuka hushuka wote kwanza. Anayetaka kupanda hungoja nyuma ya mstari tuliouchora kwa chokaa.

Tatu, hupanda mtu mmoja mmoja, mikono mitupu. Mzigo hupokelewa baadaye. Mtoto hupokewa mkono na mtu aliye ndani kabla hajaachwa na mtu aliye nje.

Nne, watu huhesabiwa wakiingia. Hesabu ikifika kiasi cha chombo, imefika, hata kama aliyebaki nje ni karani wa parokia.

Tano, neno la kuondoka lina watu wawili. Mmoja husimama gatini penye kamba, naye husema "Tayari" akiona wote wamekaa. Nahodha hutazama nyuma kwa macho yake, kisha husema "Haya." Mpaka maneno hayo mawili yasikike, kamba haifunguliwi. Na tunapofika ng'ambo, hakuna anayesimama mpaka kamba imefungwa.

Baharia hakupendezwa mwanzoni. Alisema tutapoteza muda. Tukapima kwa saa: kuwapandisha watu ishirini na wawili kwa utaratibu huu kulichukua dakika sita zaidi. Nahodha, ambaye amevuka maji hayo tangu ujana wake, alimwambia, "Mwanangu, maji kupwa na kujaa huchukua saa sita kila moja, na hujawahi kuyaambia yafanye haraka. Dakika sita zakushinda?" Kijana akanyamaza, na sasa ndiye mkali kuliko wote.

Mwezi uliopita tulikwenda tena. Yule binti alitaka kuja, nasi tulidhani bibi yake atakataa. Bibi hakukataa, ila alikuja mwenyewe mpaka gatini, akasimama kando na leso yake begani, akitazama kila mtoto anavyopokewa. Mjukuu wake alipokaa, mwenye kamba akasema "Tayari." Nahodha akageuka, akatazama, akasema "Haya." Ndipo bibi akatupungia mkono akarudi zake nyumbani.

Wasomaji wapenzi, iwe mwavuka kwenda Kisiwani, au Kitunda kutoka Lindi, au mwapanda basi tu kwenda sokoni, ulizeni mapema swali la yule bibi: nani mwenye neno la kuondoka? Kama jibu ni "kila mtu," ngojeni kidogo mpaka apatikane mmoja.